Wahudumu wa Afya wa Vijijini Hawaombi Sifa, Wanadai Haki



Dominika moja baada ya Misa, ombeni ruhusa ya paroko, mfungue kitabu cha ubatizo na kuhesabu majina polepole mpaka mfike jina la 118. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, uliofanyika nchini mwetu mwaka wa 2013 na 2014, ulikadiria kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 846 walikufa kwa sababu ya mimba au uzazi. Gawanyeni wenyewe: ni mama mmoja kwa kila watoto 118. Tangu wakati ule makadirio mapya yanaonyesha kwamba vifo vimepungua, lakini Kongo ingali miongoni mwa nchi ambamo akina mama wengi sana hufa wakizaa. Majina 118 hujaza kurasa chache tu za kitabu kile. Kaburi la mama hakuna mahali linapoandikwa humo.

Nawaandikia kwa sababu neno moja tamu limezoeleka mno vijijini mwetu, nalo ni neno «kujitolea». Kila mara zoni ya afya au shirika fulani la misaada linapotafuta watu wa kuwatembelea wajawazito nyumba kwa nyumba, barua husomwa kanisani baada ya matangazo ya ndoa, na vijana na akina mama wanaombwa wajitolee kuwa wahudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita mareko. Wanapigiwa makofi. Wanapewa jile na daftari. Wanaambiwa kwamba wao ni moyo wa afya ya jamii. Mimi nasema bila kuficha: sifa hizo zimekuwa pazia. Nyuma ya pazia hilo kuna kazi kubwa inayofanywa bila ujira, bila vifaa, na bila mtu wa kumsikiliza yule anayeifanya. Na gharama ya udhalimu huo haiishii kwa reko peke yake. Inamfikia mama aliyelala juu ya kipoyi.

Namfahamu mama mmoja, reko wa kilima kimoja huko Kivu ya Kusini. Jina lake nalihifadhi. Amefanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja. Anajua ni nyumba gani yenye mjamzito kabla mume hajajua. Anajua ni binti yupi anayefunga kitenge juu ya tumbo ili wazazi wasione. Anajua ni nani aliyejifungua kwa kupasuliwa mara ya kwanza na ambaye hapaswi kuthubutu kuzalia nyumbani mara ya pili. Hayo yote ameyaandika katika daftari ambalo alilinunua mwenyewe, kwa sababu lile alilopewa lilijaa zamani.

Usiku mmoja wa majira ya mvua aliitwa kwa jirani aliyebeba mimba ya tano. Damu ilikuwa ikitoka, na uchungu ulikuwa haujaanza. Mume alikuwa machimboni. Mama mkwe alisema wangoje kupambazuke. Yule reko alikataa. Alieleza kwa upole, kisha kwa ukali, kwamba damu inayotoka kabla ya uchungu haingoji asubuhi. Alikopa uniti za simu kwa mwenye duka ili amwite muuguzi mkuu wa kituo, simu haikupokelewa. Akawaamsha ndugu zake wawili na vijana wengine wawili, wakafunga kipoyi, wakashuka kilima katika tope kwa saa nne. Kituo cha afya kiliwapeleka mbele, hospitalini. Hospitalini waliulizwa fedha ya kuanzia, na baada ya fedha kuchangwa, waliambiwa kwamba damu haipo. Walipokuwa wakitafutwa watu wa kutoa damu, mama akafa. Mtoto aliokolewa. Jina lake limo katika kitabu cha ubatizo cha parokia.

Mwezi uliofuata, katika mkutano wa eneo la afya, kifo kile kilisomwa katika ripoti. Mbele ya wote, yule reko aliulizwa kwa nini kijiji chake kimetoa kifo cha mama, na kwa nini hakuwahamasisha watu ipasavyo. Yeye, aliyebishana na mama mkwe, aliyekopa uniti, aliyetembea saa nne kando ya kipoyi, ndiye aliyeketishwa katika kiti cha mshtakiwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini simu haikupokelewa. Hakuna aliyeuliza habari za damu. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, na siku ile niliona maana yake kwa macho yangu.

Tuanze basi na swali lenyewe: kazi ya reko ni nini hasa, na mipaka yake iko wapi? Mwaka wa 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama mwenye hatari ya uzazi huangamizwa na ucheleweshaji wa aina tatu. Kuna kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuna kuchelewa kufika penye msaada, na kuna kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Chukueni kipimo hicho, mkirudie kisa nilichowasimulia. Katika kuchelewa kwa kwanza, reko alishinda: uamuzi ulifanyika usiku uleule. Katika kuchelewa kwa pili alipigana kadiri ya nguvu zake, kwa mabega ya ndugu zake, katika nchi isiyo na barabara. Katika kuchelewa kwa tatu hakuwa na uwezo wowote, na hapo ndipo mama alipofia.

Msije mkadhani kwamba nadharau kazi ya uamuzi. Kutokwa na damu nyingi ndicho kisababishi cha kwanza cha vifo vya uzazi duniani, zaidi ya robo ya vifo vyote, na mama anayevuja damu baada ya kuzaa anaweza kufa katika muda wa saa mbili hivi. Baada ya hapo hufuata shinikizo kubwa la damu la wajawazito, ambalo huleta kifafa cha mimba. Maradhi hayo hutoa ishara: kichwa kinachouma bila kupoa, macho yanayoona ukungu, uso na mikono inayovimba. Daktari anayekaa mbali kwa mwendo wa siku nzima hawezi kuziona ishara hizo. Jirani aliyefundishwa aweza kuziona akipita kuomba moto. Huo ndio uwezo ambao hakuna hospitali inayoweza kuununua: kuwa karibu, kujulikana, kuaminiwa, na kuingia katika nyumba bila kubisha hodi mara mbili. Hata vita vinapofunga barabara na magari ya misaada yanapogeuza na kurudi mjini, reko hubaki, kwa sababu pale ndipo kwao.

Lakini reko hapasui, haongezi damu, wala hageuzi mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Tangu tangazo la Alma-Ata la mwaka wa 1978, lililoweka huduma ya afya ya msingi mbele ya mataifa, wahudumu wa jamii walitajwa kuwa sehemu ya kikosi kimoja pamoja na madaktari, wauguzi na wakunga. Kikosi ni kama mnyororo. Nchi yetu imegawanywa katika zoni za afya zaidi ya 500, na kwa mpango uliopo kila zoni inapaswa kuwa na hospitali kuu ya rufaa na vituo vya afya vinavyoizunguka. Mpango huo ni mzuri. Pete ya kwanza ya mnyororo, ile ya kijijini, ndiyo inayovutwa kila siku. Zile nyingine zikiwa na kutu, kuivuta ile ya kwanza kwa nguvu zaidi hakumfikishi mama popote.

Hapo nafika kwenye uongo wa kwanza ambao lazima tuukatae. Tunaambiwa kwamba wanawake wa vijijini hufa kwa sababu ya ujinga, kwamba hawapendi kupima mimba, kwamba hung'ang'ania kuzalia jikoni. Kwa hiyo dawa ni kuwahamasisha, na baada ya kuwahamasisha, kuwahamasisha tena. Tazameni hesabu. Uchunguzi uleule wa 2013 na 2014 ulionyesha kwamba karibu wajawazito 9 kwa 10 walipimwa mimba angalau mara moja na mhudumu mwenye ujuzi, na kwamba watoto 8 kwa 10 walizaliwa katika kituo cha afya. Nchi ambamo akina mama wanane kwa kumi wamekwisha kufika kituoni, na bado wanakufa kwa wingi hivyo, haina haki ya kumtupia mwanamke lawama yote.

Ni kweli kwamba chini ya nusu ya wajawazito hao walipimwa mara nne, na tangu mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza wapimwe mara nane. Lakini waulizeni kwa nini hawakurudi. Mmoja atawaambia kwamba safari ya kwanza ilimgharimu siku nzima ya kulima. Mwingine atawaambia kwamba aliombwa fedha ya kadi, kisha fedha ya dawa. Mwingine atasema kwa sauti ya chini kwamba alifokewa mbele ya wenzake kwa sababu hakuwa na nguo safi za mtoto. Mwanamke ambaye ametukanwa penye mlango wa nyumba ya uzazi hana haja ya kuhamasishwa. Ana haja ya kuombwa radhi. Na anayejua kwamba ametukanwa ni reko peke yake, kwa sababu ndiye anayeambiwa jioni, kando ya moto. Kama angesikilizwa katika mikutano badala ya kuhojiwa, kituo kingejirekebisha kabla ya kifo.

Uongo wa pili ni huu: kwamba kumlipa reko ni kuua moyo wa upendo. Wako watu wema wanaoamini hivyo kwa dhati, nao nitawajibu kwa heshima. Wanasema kwamba kumtembelea mjamzito ni tendo la huruma, na tendo la huruma halina bei. Nakubali. Siku mtu atakapomtembelea jirani yake kwa hiari yake, kwa saa aliyoichagua, na akaacha siku anayotaka, hilo litakuwa tendo la huruma, nami sitadai ujira kwa ajili yake. Lakini mtu anapopangiwa nyumba za kutembelea, akapewa daftari la kujaza, akatakiwa kutoa ripoti kila mwezi, akaitwa katika mafunzo na kampeni za chanjo, akaulizwa mbele ya watu kwa nini hesabu zake hazikupanda, hiyo ni kazi. Ina mkubwa, ina saa, ina lawama. Kinachokosekana ni mshahara tu.

Tazameni pia ni nani anayehubiri kujitolea huko. Anayekuja kufundisha mareko huja kwa gari, ana posho ya safari, ana mshahara mwisho wa mwezi, na hakuna anayesema kwamba mshahara huo umeua moyo wake. Kwa nini basi fedha isiuharibu moyo wa msimamizi, iharibu moyo wa mjane anayelima ekari ya watu? Reko anapokwenda mkutanoni, shamba lake halipaliliwi. Anapolala kituoni na mgonjwa, watoto wake hulala bila mboga. Kujitolea kwake kunalipiwa, tena kunalipiwa na walio wadogo kuliko wote: watoto wake. Mkono mtupu haulambwi, nao wa reko umekuwa mtupu miaka mingi.

Papa Leo XIII alifundisha katika waraka wake Rerum Novarum, mwaka wa 1891, kwamba makubaliano peke yake hayatoshi kuhalalisha ujira mdogo. Mfanyakazi lazima apate kinachomwezesha kuishi. Fundisho hilo lina zaidi ya miaka 130. Je, lilikusudiwa viwanda vya Ulaya peke yake? Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2018 kuhusu wahudumu wa afya wa jamii, linapendekeza walipwe kulingana na uzito wa kazi yao, saa wanazotumia na mafunzo waliyopata, tena wawe na mapatano yaliyoandikwa yanayotaja majukumu na haki zao. Anayesema leo kwamba kudai malipo ya reko ni tamaa ya vijana, ajue kwamba anabishana na Kanisa na wataalamu kwa pamoja.

Uongo wa tatu ndio unaopendwa kuliko yote, kwa sababu hufunga mjadala: «Fedha haipo.» Kwanza, sheria yenyewe haisemi hivyo. Katiba yetu ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Pili, tumeona fedha ikipatikana. Kumbukeni mlipuko wa Ebola wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Uliua watu zaidi ya 2,200. Wakati ule magari yalikuja, posho zilikuja, na watu wa vijijini waliotembea nyumba kwa nyumba wakitafuta wagonjwa walilipwa kwa siku. Kazi ilikuwa ileile: kuingia nyumbani mwa jirani, kuuliza, kuandika, kushawishi, kutoa habari. Ugonjwa ulipokwisha, posho zilikwisha, na walewale wakaambiwa warudi kwenye moyo wa kujitolea. Siulaumu msaada ule, uliokoa watu. Nauliza tu kwa nini fedha huonekana wakati ugonjwa unapoweza kuvuka mipaka na kupanda ndege, na hutoweka wakati anayekufa ni mama mmoja mmoja, usiku, kilimani, kwa damu yake mwenyewe isiyomwambukiza mtu.

Tatu, maskini wenzetu wamethubutu. Ethiopia ilianzisha mwaka wa 2003 mpango wa wahudumu wa afya wa vijijini. Ilichagua wanawake waliosoma sekondari, ikawafundisha kwa mwaka mmoja, ikawaajiri kwa mshahara wa serikali, nao wakazidi 30,000. Liberia ilitoka katika vita, kisha ikaangukiwa na Ebola, nchi yenye fedha kidogo kuliko yetu na isiyo na shaba wala kobalti ya Katanga. Mwaka wa 2016 ilianzisha mpango wa wahudumu kwa ajili ya watu wanaoishi zaidi ya kilomita 5 kutoka kituo cha afya, na ikawapangia malipo ya dola 70 kwa mwezi pamoja na msimamizi mwenye ujuzi wa uuguzi. Mipango hiyo ina upungufu wake, kwa kuwa hakuna kazi ya binadamu isiyo na upungufu. Lakini inatosha kuwanyamazisha wanaosema kwamba jambo hilo haliwezekani Afrika.

Hapa kwetu serikali ilianza mwezi wa Septemba 2023, mjini Kinshasa, mpango wa uzazi bila malipo, ili baadaye uenee katika majimbo. Naupongeza, na ninaomba vijana msiwasikilize wanaoubeza kwa sababu za siasa. Mama akipunguziwa hofu ya deni, kuchelewa kwa kwanza kunapungua nusu ya uzito. Lakini uzazi bila malipo uliotangazwa mjini hauna miguu ya kupanda kilima. Ni nani atakayemweleza mama wa kijiji kwamba haki hiyo ipo, inahusu nini, na afanye nini iwapo kituo kinamwomba fedha kwa mlango wa nyuma? Ni reko. Mpango wa mamilioni ya dola utategemea tena mwanamke asiye na uniti katika simu yake.

Ni lazima nitaje na doa letu wenyewe, kwa maana anayenyoosha kidole kwa serikali peke yake si mkweli. Kanisa lina sehemu kubwa katika afya ya nchi hii. Kupitia ofisi za dayosisi za huduma za afya, tunasimamia hospitali na vituo vingi mahali ambapo pasingekuwa na kitu. Hiyo ni heshima, na ni deni vilevile. Mareko wengi wa maeneo hayo ni waumini wetu, wanatoka katika mashirika yetu ya msingi, na tunawaalika altareni siku ya wagonjwa wapewe baraka. Je, tumewapa mapatano yaliyoandikwa? Je, anapougua yeye mwenyewe, hutibiwa bure katika kituo anachokitumikia? Na tunajua kwamba katika nchi yetu, katika vituo vya serikali, vya makanisa na vya watu binafsi, kumekuwa na akina mama waliozuiliwa baada ya kuzaa kwa sababu hawakuwa na fedha ya kulipa. Reko aliyemshawishi jirani yake aende kituoni, kisha akamwona amezuiliwa huko majuma mawili na mtoto mchanga, atapanda tena kilima kwa uso gani? Kila mama anayezuiliwa hubomoa imani ambayo reko ameijenga kwa miaka.

Sasa mtaniuliza: sisi vijana tufanye nini, ikiwa kujitolea umekuita pazia? Sijakuita pazia kila kujitolea. Nimewaomba mtofautishe zawadi na kazi. Zawadi ni ile ambayo mtu hutoa, kisha akarudi kwake akiwa huru. Kazi ni ile inayomngoja kesho, na kesho kutwa, na mwaka ujao. Zawadi tusiilipishe, kazi tusiifanye zawadi.

Na zawadi ambazo mama mjamzito anazihitaji zinawangoja ninyi. Ya kwanza ni damu. Damu salama hutoka kwa watu wanaoitoa bila kulipwa na bila kusubiri ndugu yao alale mahututi. Kikundi cha vijana wenye umri wa miaka 18 na zaidi, wenye afya, wanaojulikana kwa hospitali na kuitwa kwa zamu, kingaliweza kumwokoa yule mama wa kilimani. Tunajaza kanisa siku ya Pasaka. Tunaweza kujaza chumba cha kutoa damu mara chache kwa mwaka. Ya pili ni mabega. Kila kilima kisicho na barabara kiwe na kipoyi kilicho tayari na majina ya vijana wanane wanaojua usiku huu ni zamu ya nani, ili reko asianze kubisha milango mvua ikinyesha. Ya tatu inawahusu wavulana hasa: jifunzeni ishara za hatari kama mnavyojifunza majina ya wachezaji wa mpira. Mume anayezijua hatamwachia mama yake aamue kwa niaba ya mkewe, wala hataondoka kwenda machimboni katika mwezi wa tisa bila kuacha akiba na neno.

Hizo ni zawadi. Kuhusu kazi, msimame wima. Barua ya kutafuta mareko ikisomwa tena kanisani, msikimbilie makofi. Inukeni kwa adabu, mwulize: Mhudumu huyu atalipwa na nani, na kiasi gani? Atapewa vifaa gani, na vikiisha vitajazwa lini? Akipiga simu usiku, nani atapokea? Kamati ya maendeleo ya eneo la afya inapokutana, vijana wana haki ya kuwa na mjumbe ndani yake. Nendeni. Ombeni hesabu zisomwe kwa sauti. Ombeni kwamba kila kifo cha mama kichunguzwe kuanzia nyumbani mpaka kitanda cha mwisho, na reko aketi katika uchunguzi huo kama shahidi mwenye heshima yake. Na wabunge wa jimbo wanapokuja kuomba kura katika viwanja vya parokia zetu, waulizwe swali hilohilo la malipo, wakijibu wakiwa wamesimama mbele ya mareko wenyewe.

Watakaosema kwamba mnaingiza siasa kanisani watakuwepo. Wajibuni kwamba mama anayekufa akizaa ni muumini wa parokia yao, na kwamba alikuwa ameketi katika benchi la tatu Dominika iliyopita.

Nilimtembelea tena yule reko mwaka huu. Nilimkuta akipalilia maharagwe, daftari lake limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua. Nilimwuliza kama hajachoka. Alisema amechoka, lakini kuna mabinti wawili upande wa juu ambao miezi yao imekaribia, na hawezi kuwaacha. Kisha akaniambia kwamba wametangaziwa jile mpya, zenye maandishi mgongoni.

«Mimi sitaki jile», alisema. «Jembe langu limevunjika, na ile simu ya kituo bado haipokelewi.»